Mwovu Mwenye Dhamiri

Wanafunzi wetu wa Uvira, mtungapo hadithi, msimfanye mwovu kuwa jiwe. Jiwe halina vita moyoni. Mtazameni Darth Vader, katika sinema za Star Wars zilizoanza mwaka 1977. Alimtumikia mkuu wake kwa kuua wengi. Lakini katika sinema ya mwaka 1983, alipomwona mwanawe akiteswa, alimnyanyua mkuu yule akamtupa shimoni.

Wazee wa pwani nao husimulia habari za Fumo Liongo. Alimwambia mwanawe siri ya kifo chake. Naye mwana, kwa tamaa ya ndoa aliyoahidiwa, akamchoma baba kitovuni kwa sindano ya shaba.

Mmoja alirudi, mwingine hakurudi. Twawaogopa wote wawili, kwa maana walijua lililo jema walipotenda baya. Nasi twalijua pia.