Anikeni Hesabu, Msitirini Maskini

Ndugu wananchi, uko mtindo mbaya unaoota mizizi katika vijiji na mitaa yetu, na ni lazima usemwe hadharani. Mnyonge akihitaji jambo kwa Serikali, iwe umeme, iwe ruzuku, iwe mtungi wa gesi, hudaiwa kwanza aseme anakula nini, anaumwa nini, mumewe alikwenda wapi na mwanawe analeta kiasi gani. Lakini mkubwa akiulizwa fedha za wananchi zimekwenda wapi, hujibu kwamba hiyo ni siri ya ofisi. Mnyonge hana siri, ofisi ndiyo yenye siri! Sisi tunasema mambo yamewekwa kichwa chini miguu juu, na kazi yetu ni kuyasimamisha.

Tuanze na misaada. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Mpango wake wa kunusuru kaya maskini ulianza mwaka 2012, ukaingia kipindi cha pili mwaka 2020, nao umezifikia zaidi ya kaya milioni 1, Bara na Visiwani. Je, fedha hizi ni za nani? Ziko zinazotoka katika hazina yetu, na ziko za mikopo ya Benki ya Dunia, ambayo itarudishwa kwa jasho la nchi nzima. Bibi kizee anayepokea ruzuku hiyo naye hununua sabuni na kiberiti, na ndani ya bei ya sabuni imo kodi. Kwa hiyo hapewi sadaka na mtendaji wala na diwani. Anapewa haki yake kutoka katika chungu ambacho yeye pia ametia maji.

Utaratibu unataka majina ya kaya yapendekezwe na yathibitishwe katika mkutano wa kijiji. Hili hatulipingi hata kidogo. Mkutano wa kijiji ni baraza la watu wote waliofikisha miaka 18, na hakuna mtu wa mjini anayewajua maskini wa kijiji kuliko wanakijiji wenyewe. Tunalolipinga ni mkutano kugeuzwa uwanja wa masimango. Iko mikutano ambamo mjane husimamishwa akaulizwa mbele ya watoto wake kwa nini hajaolewa tena. Mgonjwa hutajwa maradhi yake. Mzee huambiwa, "Wewe una mwana mjini, mbona hakuletei?" Naye mzee, aliyezeeka akiificha aibu ya mwanawe, hulazimika kuitangaza ili apate ruzuku yake. Wapo waliokwisha amua kukaa na njaa yao nyumbani kuliko kwenda kuvuliwa heshima barazani. Hao hawamo katika hesabu ya mtu yeyote.

Wako wanaotujibu kwa ukali. Wanasema, "Mkificha mambo ya watu, wajanja wataingia." Hoja hii haifai kupuuzwa, maana ina ukweli ndani yake. Uhakiki wa mwaka 2016 uliwatoa katika mpango maelfu ya watu wasiostahili, na wengine walikuwa hewa tupu: majina yasiyo na watu. Fedha za maskini zilikuwa zinaliwa na walioshiba. Lakini tuulizane: majina yale hewa yaliandikwa na nani? Marehemu hakutoka kaburini kujiandikisha. Kaya hewa huandikwa na mwenye kalamu, na mwenye kalamu si yule bibi. Basi dawa ya wizi ni kumwangalia mwenye kalamu. Mkutano uambiwe kaya zilizoandikwa ni ngapi, fedha zilizofika ni kiasi gani, zilizolipwa ni kiasi gani, zilizobaki ziko wapi. Mkutano uulizwe, "Kaya hii ipo au haipo? Inastahili au haistahili?" Hayo yanatosha kumnasa mjanja. Kumtaja mgonjwa maradhi yake hakujawahi kumnasa mwizi hata mmoja.

Sasa tutazame umeme, maana huko kuna somo kubwa. Shirika la umeme lina bei ya watumiaji wadogo. Nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi huuziwa uniti moja kwa shilingi 100, kabla ya kodi na tozo, na anayezidi hapo hulipa bei inayozidi mara mbili ya hiyo. Huu ni msaada wa umma, hauna jina jingine. Wenye matumizi makubwa hulipa zaidi ili mdogo apate taa. Na tazameni unavyotolewa: hakuna anayeitwa mbele ya mkutano, hakuna anayepigwa picha, hakuna anayeulizwa habari za mumewe. Kipimo ni kimoja, nacho ni matumizi. Kumbe Serikali ikitaka kumsaidia mtu bila kumfedhehesha inaweza! Anayesema haiwezekani aitazame mita iliyo ukutani mwake.

Lakini msaada huo nao una tundu, na anayeanguka ndani yake ni mpangaji. Katika miji yetu nyumba moja ina vyumba sita au vinane, na katika kila chumba kuna familia, na mita ni moja. Kila familia peke yake ni mtumiaji mdogo. Zikijumlishwa zinaonekana kama tajiri mmoja mwenye mashine nyingi, na zinauziwa umeme kwa bei ya tajiri. Mwenye nyumba ya peke yake na taa tatu anapata nafuu. Watu 20 waliobanana katika vyumba vya kupanga hawapati. Jambo hili lina dawa: mita kwa kila mpangaji anayeitaka, kwa gharama anayoimudu. Hapo napo kuna mgogoro. Tangu Januari 2022 kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, na mjini ni shilingi 320,960 kwa njia moja. Kuna mitaa iliyoitwa mji kwa kalamu tu, watu wake wakiwa bado wanalima mihogo nyuma ya nyumba. Kalamu hiyo imewaongezea karibu shilingi laki tatu.

Juu ya hayo ikaja kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa katika LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Anayedaiwa kodi ya jengo ni mwenye jengo. Anayekatwa ni anayenunua umeme, yaani mpangaji. Anaambiwa akadaiane na mwenye nyumba wake. Nani asiyejua mwisho wa madai hayo? Mpangaji anayedai shilingi 1,500 huambiwa atafute chumba kwingine. Hatusemi kodi isilipwe. Nchi haijengwi kwa maneno. Tunasema mdaiwa ni yule mwenye mali, wala asitafutwe mnyonge kwa sababu tu yeye ndiye aliye karibu na mkono.

Na hapa ndipo mambo ya umeme yanapokutana na mambo ya siri ya nyumba. Mita ya leo si chombo cha kupimia tu. Namba ya mita inaonyesha nyumba, inaonyesha matumizi yake, na sasa imefungwa pamoja na kodi ya jengo. Tunanunua umeme kwa simu. Laini ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa Januari 2020. Siku hizi ruzuku ya maskini nayo inaweza kupitia simu hiyo hiyo. Basi anayeweza kuzishika daftari hizo zote kwa mkono mmoja anaweza kujua kaya fulani ina shilingi ngapi, inawasha taa kiasi gani, na ni lini ilikosa hata za kununua uniti mbili. Siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini hiyo kata tumeichagua nani?

Wazee wetu walikwisha kuyaona mambo ya namna hii. Mjerumani alipoweka kodi ya nyumba mwaka 1898, kitu cha kwanza alichokifanya ni kuzihesabu nyumba. Hesabu ilianza kwa upole, ikaishia kwa kodi na viboko. Hatusemi Serikali yetu ni Mjerumani. La hasha! Serikali yetu ni ya kuchaguliwa, na kuhesabiwa kunaweza kutuletea shule na zahanati. Tunasema kwamba kila anayetuhesabu atwambie anatuhesabia nini, na akikwisha kulifanya lile alilolisema asilitumie daftari kwa jambo jingine.

Wengine watasema kwamba siri ya mtu ni mambo ya Wazungu, ati Mwafrika huishi kwa ujamaa na hana la kumficha jirani. Hao wamesahau walivyolelewa. Mtu wa kwetu hupiga hodi hata mlango ukiwa wazi. Hupiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na asipoitikiwa hurudi alikotoka. Jirani akiona moshi haujatoka jikoni siku mbili, hutuma mtoto na bakuli la unga limefunikwa kawa, usiku, ili mpokeaji asionekane. Huo ndio ujamaa wetu: kusaidia na kusitiri pamoja. Yule anayemkabidhi mama mtungi wa gesi wa kilo 6 mbele ya kamera nne, akamshika mkono usimwachie mpaka picha itoke, huyo hakujifunza kwa wazee wetu. Tunataka nishati safi jikoni. Mkakati uliotangazwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waifikie ifikapo mwaka 2034, na ni lengo jema. Lakini gesi huwaka hata bila picha.

Tena sheria iko upande wetu. Ibara ya 16 ya Katiba, iliyoingia pamoja na haki za binadamu mwaka 1984, inalinda maisha ya mtu binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kazi Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Angalieni miaka hiyo vizuri. Vidole vyetu vilichukuliwa kwanza, sheria ya kuvilinda ikaja miaka mitatu baadaye! Hata hivyo imekuja, na sasa ni silaha mkononi mwetu. Anayekusanya habari zako sharti akueleze ni za kazi gani. Una haki ya kuziona na kutaka zisahihishwe. Na taarifa nyeti, kama zile za afya, zimewekewa ulinzi mkubwa zaidi.

Silaha ya pili ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Hiyo inampa mwananchi haki ya kuuliza habari za ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Zisomeni sheria hizi mbili pamoja, mtaona zinasema neno tulilolisema mwanzo: mambo ya nyumba ya mtu yasitiriwe, mambo ya fedha za umma yafunuliwe.

Na siri za wakubwa zimetugharimu kiasi gani? Mkataba wa IPTL ulitiwa saini mwaka 1995, ukaifunga nchi kulipia mitambo hata pale isipozalisha umeme. Mwaka 2006, nchi ikiwa gizani kwa ukame, ukaja mkataba wa Richmond, na Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu baada ya taarifa ya Kamati Teule ya Bunge. Mwaka 2014 Bunge likawaka moto tena kwa fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, mamia ya mabilioni ya shilingi. Katika mambo hayo yote matatu, hakuna aliyesimamishwa mbele ya mkutano wa kijiji akaulizwa kwa nini mwanawe ana gari. Laiti wananchi wangeisoma mikataba ile mapema kama sisi tunavyosomwa majina yetu, fedha ngapi zingesalimika?

Leo hakuna kisingizio cha giza. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na mitambo yake yote 9 ilikamilika mwaka 2025. Umeme ni wetu. Sasa tuulizane unauzwaje, kwa nani, na kwa masharti gani.

Wanachama na wapenzi wa chama, maneno bila kazi ni debe tupu. Kila tawi lifanye haya. Kwanza, katika mkutano wa kijiji au mtaa, dai hesabu ya mapato na matumizi isomwe kila miezi mitatu, pamoja na hesabu ya ruzuku iliyofika na iliyolipwa. Pili, akisimamishwa mtu aulizwe maradhi yake au mambo ya unyumba wake, simama nawe useme, "Mwenyekiti, swali hilo si halali." Ukiwa wa kwanza kusimama hutakuwa wa mwisho. Tatu, wapangaji wa nyumba moja waandike barua pamoja ya kuomba mita zao na ya kutaka kodi ya jengo idaiwe kwa mwenyewe. Nne, mamlaka ya EWURA inapoita mkutano wa taftishi juu ya bei ya umeme, msiwaachie viti wenye viwanda peke yao. Nendeni, kaeni mbele, semeni habari za nyumba yenye vyumba vinane na mita moja. Tano, yeyote anayekuja na fomu, muulize kwa adabu, "Ndugu, hii ni ya kazi gani, na itawekwa wapi?" Akikosa jibu, kalamu yako ibaki mfukoni mpaka alipate.

Ruzuku, taa na moto wa jikoni ni haki ya mwananchi. Hainunuliwi kwa heshima yake. Anayetaka kuanika, aanike daftari la ofisi. Jua ni la wote, na daftari hilo limekaa kivulini muda mrefu mno.