STAREHE YA JUU, MSIBA WA CHINI

Ndugu wananchi wa Kibondo na Kasulu, leo twataka kusema juu ya udongo. Si udongo wa shamba, bali ule ulioshindiliwa kuzuia maji, ukaitwa lambo au bwawa, kisha ukasahauliwa.

Wapo watakaotucheka. Watasema: watu wa milima ya Buha, nchi ya mvua na chemchemi, mabwawa yawahusu nini? Twawajibu: yatuhusu sana. Maji hushuka, hayapandi, na sisi tunaolima mabondeni, kando ya mito iendayo Malagarasi, twaujua uzito wa mvua. Tena hatujasahau reli yetu. Mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko yaliivamia Kilosa. Bwawa la Kidete, urithi wa zama za mkoloni, likaharibika. Tuta la mto likapasuka. Maelfu ya watu wakakosa makazi. Reli ya Kati ikakatika. Tuta lilipasuka Morogoro, safari ikavunjika Kigoma.

Sasa tazameni Nairobi. Mwaka 1953, mkoloni angali ameshika bunduki, bwawa lilijengwa katika mto Motoine ili mji uwe na akiba ya maji. Baadaye likawa mahali pa starehe. Wenye nafasi walitweka matanga na kuvua samaki, na kando yake Kibera ikajaa watu wasio na nafasi. Miaka ikapita, bwawa likajaa tope, taka na magugu. Wenye matanga wakaenda zao, maskini wakarithi uvundo, na tuta limezeeka kupita miaka 70. Hivyo ndivyo ilivyo starehe isiyo na mlinzi: faida huondoka na mwenye mali, hatari hubaki na jirani.

Na hatari hiyo si hadithi ya kutishia watoto. Huko Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, matajiri wa chuma na makaa walikuwa na klabu yao ya uvuvi na uwindaji, na bwawa kuukuu la udongo liitwalo South Fork. Mabomba ya kupunguzia maji yalikuwa yameng'olewa zamani, nao hawakuyarudisha. Kilele cha tuta wakakishusha ili magari yao ya farasi yapite vizuri. Penye njia ya maji ya ziada wakaweka vyuma vya kuzuia samaki wasitoroke. Samaki walilindwa, watu hawakulindwa! Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha, maji yakapita juu ya tuta, tuta likakatika, na mji wa Johnstown ukasombwa. Watu 2,209 walikufa. Mahakama hazikuitoza klabu ile hata senti moja.

Je, twaambiwa hayo ni ya kale na ya mbali? Basi twende Solai, Nakuru, kwa jirani zetu wa Kenya. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la udongo la shamba la mtu binafsi lilipasuka, likashukia nyumba za wanakijiji waliokuwa wamepumzika. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Baada ya maiti kufukuliwa matopeni, ndipo mamlaka ya maji iliposema kwamba bwawa lile halikuwa na kibali. Kibali hutafutwa kabla ya jeneza, si baada yake!

Husemwa mara nyingi: "Lambo lile limesimama tangu enzi za babu, litaanguka leo kwa nini?" Hayo ni maneno ya uvivu. Tuta la udongo huzeeka kama mtu. Mti ukiota juu yake, mizizi hufungua njia ya maji. Panya na mchwa hutoboa. Tope hujaa chini, nafasi ya maji ikapungua. Utoro wa maji, ile njia ya kupitishia maji ya ziada, ukizibwa na magogo au mchanga, maji hutafuta njia juu ya tuta, na udongo hauwezi kustahimili hayo. Mara nyingine dalili ni ndogo tu: unyevu chini ya tuta, kisha maji yanayotoka yakiwa na rangi ya udongo. Maji hayo yamekwisha anza kulila tuta kwa ndani.

Hatudai sheria mpya. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imetaja usalama wa mabwawa, na kanuni zake zikafuata mwaka 2013. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ina makao hapa hapa Kigoma. Sheria iliyofungiwa kabatini haizuii maji.

Kwa hiyo twadai mambo manne. Kwanza, kila lambo na bwawa, liwe la ng'ombe, la samaki au la kuogelea, liandikwe pamoja na jina la mwenyewe. Pili, likaguliwe kila kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Tatu, wanaoishi chini yake waambiwe waziwazi hali yake, na wajue wakimbilie wapi usiku wa hatari. Nne, anayefaidi maji ndiye agharimie tuta. Asiyeweza kulitunza, maji yapunguzwe kwa utaratibu.

Nanyi wanachama msingoje karatasi kutoka juu. Katika mikutano ya vijiji ulizeni: tuta hili ni la nani, na nani alilikagua mara ya mwisho? Asiye na jibu asituambie tulale.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa bwawa la udongo sivyo. Usipoziba ufa, utachimba makaburi.