Bao la babu na jedwali la nane

Mzazi mwenzangu, wiki hii nianzie nyumbani kwangu. Binti yangu wa darasa la tatu alirudi shuleni viganja vimevimba. Kosa lake ni kushindwa kutaja jedwali la nane mbele ya wenzake. Tangu hapo, kila siku yenye kipindi cha hisabati aliamka akilalamika tumbo.

Likizo ilipofika nikampeleka kwa babu yake, Nkwenda, wilayani Kyerwa. Mzee hakumuuliza jedwali. Alimketisha mbele ya bao, akamwambia, "Mjukuu wangu, nipangie kete mbili mbili kila shimo." Bao lina mistari minne ya mashimo manane. Mtoto akapanga, akahesabu: mashimo 32, kete 64. Kesho yake akaulizwa, "Ukianzia hapa na kete tano, utaishia shimo gani?" Siku za mwanzo alihesabu kwa kidole. Baadaye akawa anajibu kabla hajagusa kete. Jioni moja akaruka: "Babu, kumbe nane mara nne ni bao zima!"

Nilimsimulia mwalimu mmoja wa Karagwe mwenye watoto zaidi ya sabini darasani. Akacheka: "Mama, mabao yote hayo nitayatoa wapi?" Hayahitajiki. Mashimo ardhini na punje za maharage au vizibo vya soda vinatosha, watoto wakikaa wanne wanne.

Ila mchezo una masharti yake. Ubebe somo la siku hiyo. Usiwe wa kushindana kwa haraka, maana watacheza wepesi tu na wazito watabaki watazamaji. Ukiisha, mtoto aeleze alivyofikiri, kisha aandike hesabu hiyo daftarini. Bila hapo, yalikuwa mapumziko tu.

Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, waliofaulu hisabati walikuwa takriban robo tu ya watahiniwa. Hofu hiyo haianzii kidato cha nne. Huanzia huku chini, siku mtoto anapojifunza kwamba kukosea ni kuchapwa.

Binti yangu bado anakosea saba mara nane. Lakini Jumatatu ya kufungua shule hakulalamika tumbo.

Leo jioni ukichambua maharage, mwite mwanao akugawie mafungu sawa. Akikosea, msimwage machozi. Mwageni maharage, muanze upya.