Bwana Shamba Anasema: Piga Picha ya Dagaa Penye Mwanga Mzuri



Wavuvi wa Goziba wanaijua kazi ya mwanga. Usiku wa giza huwasha taa ziwani, na dagaa huufuata mwanga. Picha nayo ni kazi ya mwanga.

Siku hizi mnunuzi aliye Bukoba au Mwanza huomba picha kwa simu kabla ya kutaja bei. Picha ndiyo macho yake.

Mwaka jana kikundi cha akina mama kiliniomba niwapigie picha ya dagaa wao. Walikuwa wamewaanika juu ya vichanja. Walikuwa wakavu, hawana mchanga. Mimi nikawapiga ndani ya ghala, mlango uko wazi nyuma yao. Dagaa wakaonekana weusi. Mnunuzi akasema, "Hawa wamenyeshewa." Akapunguza bei. Kosa lilikuwa langu, hasara ikawa yao.

Tangu hapo nafuata mambo haya. Hayana gharama kubwa.

1. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi na laini. Mkono wenye mafuta ya dagaa huacha ukungu kwenye picha.

2. Chagua saa. Jua la saa 6 mchana ni kali mno. Dagaa hung'aa juu, na chini yao huwa na kivuli cheusi. Piga asubuhi kabla ya saa 3, au jioni baada ya saa 10. Kama ni lazima upige mchana, waweke kwenye kivuli cha nyumba, mahali peupe penye mwanga.

3. Usielekeze simu kwenye mlango wazi au kwenye ziwa linalong'aa. Simu ikiona mwanga mwingi nyuma, hutia giza vilivyo mbele.

4. Upande wenye kivuli, simamisha shuka nyeupe au mfuko mweupe wa unga. Mwanga utagonga hapo na kurudi kwa dagaa.

5. Shika simu kwa mikono miwili, usitikisike. Piga picha ya gunia zima, kisha ya dagaa wachache kwenye kiganja. Mnunuzi ataona ukubwa wao.

Baada ya kupiga, unaweza kuitengeneza picha kwa simu hiyo hiyo. Kata pembeni vitu visivyohitajika. Kama kuna giza, ongeza mwanga kidogo. Basi, inatosha. Usibadilishe rangi ili dagaa wa manjano waonekane weupe. Mnunuzi atalifungua gunia. Akikuta dagaa wengine, hatanunua tena kwako, na jirani zako pia hatawaamini.

Zoezi la mwezi huu: chukua kiganja kimoja cha dagaa. Wapige picha ndani ya nyumba, kisha nje jioni. Mwonyeshe jirani picha zote mbili. Muulize, dagaa wa picha ipi angewanunua?