Mpango wa Msitu Uanzie Kijijini

Mwaka 1955 wakulima wa Matombo waliikatalia Serikali ya kikoloni. Kwa miaka kadhaa walikuwa wamelazimishwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko ya Uluguru ili mvua isiuchukue udongo. Hatari ya mmomonyoko ilikuwa ya kweli. Lakini mpango ule ulitungwa ofisini ukashushwa kwa amri, wala wenye mashamba hawakusikilizwa, ingawa wao ndio waliojua kwamba udongo wenye rutuba huko ni mwembamba, na kwamba kuuchimba ni kufukua udongo usiozaa. Ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango wenyewe ukaachwa.

Hatuyakumbushi hayo ili kutonesha vidonda vya zamani, bali kwa sababu funzo lake lingali linahitajiwa. Misitu ya Uluguru, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, ndiyo inayotunza chemchemi za Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa hadi Dar es Salaam. Basi msitu huo si mali ya kijiji kimoja. Lakini anayeishi ubavuni mwake ndiye awezaye kuulinda au kuuangamiza.

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji kutenga misitu yao wenyewe, na kukubaliana na Serikali kusimamia pamoja misitu ya hifadhi. Hiyo ni hatua njema. Hata hivyo, kuwaita wananchi wasikilize mpango uliokwisha kupigwa muhuri si kuwashirikisha. Mkutano Mkuu wa Kijiji hauna budi kuulizwa kabla ya mipaka kuchorwa: kuni zitapatikana wapi? Faini zitaingia mfuko gani? Na kwa Waluguru, ambao ardhi yao hufuata ukoo wa mama, itakuwa kichekesho akina mama wasipopewa nafasi ya kusema.

Wananchi nao wana wajibu wao. Asiyehudhuria mkutano asilaumu maamuzi yake, na anayewasha moto shambani bila kuuchunga anaukausha mto wa wajukuu zake.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wataalamu waje Matombo na elimu yao, lakini kwanza waketi na wenyeji.