Kabla ya Kuibandua Stempu



Ndugu msomaji, shule zinapofungwa wazazi wengi huulizana watawashughulisha vipi watoto ili siku isiishie kwenye simu. Ipo kazi moja ya zamani, isiyo na gharama, ambayo hufundisha utulivu wa mkono na kumfungulia mtoto maarifa ya dunia. Kazi hiyo ni kukusanya stempu za barua zilizokwisha kutumika. Vifaa vyake ni beseni la maji, mkasi, taulo safi na kitabu kizito. Hata hivyo, anayeianza bila kuuliza huweza kuharibu kwa nusu saa kitu ambacho familia imekitunza kwa miaka sitini. Kwa hiyo leo tuzungumze mambo mawili: namna ya kuibandua stempu, na wakati wa kuiacha ilipo.

Stempu haichunwi ikiwa kavu. Kata bahasha kuizunguka stempu, uache ukingo wa karatasi wa kiasi cha sentimita moja kila upande, ili mkasi usifike kwenye vile vijino vya pembeni, kwani stempu iliyopoteza jino hupungua thamani. Vipande vya bahasha za rangi, hasa nyekundu, vitengwe peke yake, maana karatasi hizo huchuja na kuzitia doa stempu nyingine.

Kisha weka vipande vichache katika maji ya uvuguvugu na uviache kwa dakika 15 hadi 30. Gundi ikishalainika, stempu hujitenga yenyewe. Ikikataa, iongezee muda wala usiivute. Kinachoondolewa taratibu ni karatasi iliyo nyuma ya stempu. Stempu yenyewe haiguswi kwa nguvu, kwani ikilowa huwa laini na huchanika upesi. Suuza mgongo wake kwa maji safi ili gundi iishe, kisha ilaze kifudifudi juu ya taulo. Ikikaribia kukauka, iweke katikati ya karatasi mbili nyeupe na kuikandamiza kwa kitabu kizito hadi asubuhi. Kitabu hicho kisiwe Msahafu, ambao haufanywi kizito cha kukandamizia vitu. Ikishakauka, ishikwe kwa kibano kisicho na ncha kali, kwa sababu vidole vina mafuta.

Zipo stempu za aina mbili zisizofaa kulowekwa. Ya kwanza ni zile za kisasa zinazojinatia zenyewe bila kulambwa. Nyingi kati yake, zikiwemo za Marekani za miaka ya karibuni, haziachi karatasi hata zikikaa majini. Hizo zikatwe pamoja na kipande cha bahasha na zihifadhiwe hivyo hivyo. Ya pili ni stempu kongwe. Baadhi ya stempu za makoloni ya Uingereza za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 zilichapwa kwa wino uliokusudiwa kuyeyuka, ili mtu asiweze kufuta muhuri wa posta na kuitumia stempu mara ya pili. Ukiiloweka stempu ya namna hiyo, rangi yake huondoka na maji.

Hapo pana somo jingine kwa watoto wetu. Hutokea stempu ikapita posta bila kugongwa muhuri, ikabanduliwa ikiwa safi kama mpya. Mtoto atauliza: je, tuibandike kwenye barua nyingine? Jibu ni hapana. Stempu ni ushahidi kwamba ujira wa kusafirisha barua umelipwa, na barua ile imekwisha kufikishwa. Kuitumia tena ni kutaka kazi ya pili kwa malipo ya kwanza, na hiyo ni dhuluma hata kama karani hakuona. Iingie kwenye albamu, isirudi kwenye bahasha.

Sasa tuje kwenye wakati wa kuiacha. Stempu ya kwanza duniani ya kubandikwa kwenye barua ilitolewa Uingereza mwaka 1840, na hadi leo nchi hiyo haiandiki jina lake kwenye stempu zake. Hutosheka na sura au alama ya mfalme au malkia. Jambo hili dogo linazihusu moja kwa moja familia za pwani yetu zenye jamaa Oman. Kuanzia mwaka 1948 hadi 1966, posta ya Muscat ilitumia stempu za Uingereza zilizopigwa chapa ya thamani kwa fedha za huko, bila jina la Muscat kuandikwa popote. Stempu hizo hizo zilitumika pia Dubai. Mtu akiibandua stempu hiyo na kuitupa bahasha, mara nyingi hubaki na kichwa cha malkia na tarakimu tu. Mahali barua ilikotoka, siku ilipotumwa, jina la mpelekaji na anwani ya mpokeaji, vyote vimekwenda na taka.

Vivyo hivyo kwa Zanzibar. Visiwa hivyo vilikuwa na stempu zake tangu mwaka 1895, mwanzoni zikiwa za India zilizopigwa chapa ya jina la Zanzibar. Mwaka 1896 zikaja zenye sura ya Sayyid Hamad bin Thuwaini, na baada ya Mapinduzi zikaja zilizopigwa chapa ya Jamhuri 1964. Stempu kama hizo zikiwa juu ya bahasha yake, pamoja na muhuri, mara nyingi huthaminiwa na wakusanyaji kuliko zikiwa peke yake. Lakini bei ni jambo la mwisho. Katika kazi ya ukatibu wa kamati ya msikiti hutufikia watu wanaotafuta jamaa zao waliotengana nao tangu enzi za wazazi. Wanaokuja na bahasha nzima huwa na jina, mji na tarehe ya kuanzia. Anayekuja na stempu iliyooshwa vizuri hana pa kuanzia.

Isitoshe, barua za marehemu zina wenyewe. Bahasha zilizoachwa na babu ni sehemu ya alichokiacha, na warithi wote wana haki humo, wakiwemo mayatima ambao hawana uwezo wa kutoa ridhaa. Mjomba hana ruhusa ya kuchukua sanduku la barua kwa kisingizio kwamba ni karatasi tu, wala mjukuu hana ruhusa ya kuingiza mkasi kabla mirathi haijatulia. Na ndani ya bahasha mna maneno ya watu; anayetafuta stempu hajapewa idhini ya kusoma siri za waliotangulia.

Kwa hiyo watoto waanze na bahasha za leo: za benki, za taasisi, za barua ambazo mwenyewe amesema amemalizana nazo. Ikitokea bahasha ya kale, ipelekwe kwa mkubwa wa nyumba kwanza. Aulizwe ilitoka kwa nani, na jibu liandikwe kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya pembeni. Huenda akamkumbuka shangazi ambaye miaka mingi hajapigiwa simu. Basi apigiwe siku hiyo hiyo, na bahasha ibaki kama ilivyo.

Wabillahi tawfiq.