Tuilinde milango ya Dodoma

Dereva wa lori aliyepakia shehena katika bandari ya Dar es Salaam, akiwa safarini kwenda Kigali au Bujumbura, hana shughuli yo yote katikati ya mji wa Dodoma. Haendi Bungeni, haendi soko la Majengo, wala hana barua ya kupeleka wizarani. Hata hivyo kwa miaka mingi lori lake limelazimika kupenya humo humo mjini, bega kwa bega na wanafunzi wanaovuka kwenda shule, mama anayewahi hospitali na mtumishi aliyechelewa kazini. Kwa sababu hiyo iliamuliwa kujenga barabara ya mzunguko wa nje, yenye njia nne na urefu wa kilomita 112.3, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Februari 2022. Fedha nyingi za kazi hiyo ni mkopo wa dola za Marekani milioni 180 ulioidhinishwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2019. Mkopo ni deni la wananchi wote, hata la yule wa Newala na Ngara ambaye huenda asiikanyage barabara hiyo maishani mwake. Kwa hiyo tunayo haki ya kuuliza itatunzwaje.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini Dodoma imekuwa njia panda. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika hapo mwaka 1910. Baadaye, katika utawala wa Waingereza, barabara kuu ya kutoka kusini kwenda kaskazini, ile waliyoiota kuwa ya kutoka Cape hadi Cairo, iliikata reli hiyo hapo hapo Dodoma. Basi mji ukawa na njia nne: ya Morogoro na Dar es Salaam kwa mashariki, ya Singida kwa magharibi, ya Kondoa na Arusha kwa kaskazini, na ya Iringa kwa kusini. Njia za kaskazini na kusini zilikaa miaka mingi zikiwa za vumbi na matope. Ile ya Babati ilifunguliwa rasmi ikiwa ya lami mwezi Aprili 2018. Tangu hapo msafiri wa Mbeya anayekwenda Arusha hana haja ya kuzunguka Chalinze. Anapita Dodoma.

Huko kuwa katikati ndiko kulikowafanya wanachama wa TANU, baada ya matawi yao kuulizwa maoni, wakubali mwaka 1973 makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka huo huo iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na mwaka 1976 ikakamilika ramani kuu ya mji iliyochorwa na wataalamu kutoka Toronto, Kanada. Wengi wetu huikumbuka ramani ile kana kwamba ilikuwa ndoto ya majumba. Sivyo. Jambo lake kubwa lilikuwa mpangilio wa safari: waliwaza kwanza mtu anayekwenda kwa miguu, kisha mwenye baiskeli, kisha abiria wa basi, na mwenye gari lake binafsi akaja mwisho. Mitaa ilipangwa iwe kama vijiji vilivyounganishwa na njia za mabasi. Huo ulikuwa mpango wa watu waliojua nchi wanayoipangia.

Kwa zaidi ya miaka 40 wizara nyingi zilibaki pwani, na lori moja moja lililopita Dodoma halikumsumbua mtu. Hali ilibadilika kwa ghafla. Mwezi Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kuwa Serikali itahamia Dodoma. Mei 2017 Mamlaka ya Ustawishaji ilivunjwa na kazi zake kukabidhiwa halmashauri. Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Na mwaka uliofuata Mji wa Serikali ukafunguliwa Mtumba. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la halmashauri ya Dodoma. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179. Mji uliokaa kitako miongo minne ulikaribia kuongezeka mara mbili katika miaka kumi.

Sasa tuitazame barabara yenyewe na milango yake. Imegawanywa katika sehemu mbili. Ya kwanza, ya kilomita 52.3, inaanza Nala kwenye barabara ya Singida, inapita Veyula kwenye barabara ya Arusha, inashuka Mtumba kwenye barabara ya Dar es Salaam na kuishia Ihumwa kwenye bandari kavu. Ya pili, ya kilomita 60, inatoka Ihumwa, inaikuta barabara ya Iringa kule Matumbulu, kisha inarudi Nala na kuufunga mzunguko. Kwa wanaoangalia ramani haya ni majina matano tu. Kwa mwenye kupanga mji kila jina lina mzigo wake. Nala ni mlango wa kwenda Singida, Rwanda na Burundi, na tayari kumejengwa huko kiwanda kikubwa cha mbolea cha wawekezaji waliotoka Burundi. Ihumwa ni mahali reli na lori vinapaswa kukabidhiana mizigo. Matumbulu ni mlango wa kusini, jirani na mashamba ya zabibu ya Mpunguzi. Mtumba ni mlango wa Serikali yenyewe.

Mlango wa Veyula unatutia wasiwasi zaidi ya yote. Kwa upande mmoja uko Msalato, unakojengwa uwanja mkubwa wa ndege. Kwa upande mwingine liko bonde la Makutupora na visima vya Mzakwe ambavyo vimeinywesha Dodoma tangu miaka ya 1950. Maji yale hayatoki ziwani wala mtoni. Ni maji ya mvua yaliyozama ardhini, tena katika nchi ambayo mvua yake ni ya kuhesabu. Gereji, vituo vya mafuta na maegesho ya malori yatakayofuata njia ya kutokea Veyula yakiachwa yasogee kuelekea bondeni, mafuta machafu yatakayomwagwa huko yatafuata njia ile ile ya mvua. Kulisafisha bonde la maji lililokwisha kuchafuka ni kazi ngumu kuliko kujenga barabara.

Si kwamba tunabuni hatari. Dar es Salaam inatufundisha. Barabara ya Nelson Mandela, ambayo wazee wa jiji wangali wanaiita Port Access, ilikusudiwa kazi hii hii: kuyatoa malori bandarini, kuyapitisha nje ya mji na kuyatua Ubungo kwenye barabara ya Morogoro. Wakati kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipojengwa miaka ya 1960, Ubungo ilikuwa pembezoni. Mji ukaifuata barabara, ukaipita, ukaimeza. Kila mwenye kiwanja kando yake alitaka mlango wake. Buguruni, Tabata na TAZARA, ambako njia zilikutana, pakawa mahali pa kupoteza saa nzima, askari wa usalama barabarani akipunga mkono na taa zikiwaka bure. Iligharimu fedha nyingi kurekebisha kosa hilo: daraja la juu la TAZARA, linaloitwa Mfugale, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa Septemba 2018, na makutano ya Ubungo yenye ngazi tatu, yanayoitwa Kijazi, yaliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kufunguliwa Februari 2021. Madaraja yale ni mazuri, na tuliyashangilia. Lakini ni vema kukiri kwamba sehemu ya gharama yake ilitokana na milango isiyolindwa.

Wakati mwingine huambiwa kwamba mji hauzuiliki, na kwamba penye barabara patakuja watu. Ni kweli watu watakuja. Mama lishe atafuata madereva, muuza tikiti atafuata mama lishe, na fundi wa matairi hatakosa. Hao hatuwalaumu hata kidogo. Wapangiwe mahali, wajengewe choo na maji, malori yawe na uwanja wa kulala. Tatizo haliko kwa muuza tikiti. Liko katika ofisi.

Kwa maana makutano mamoja ya barabara hiyo yana wenyewe watatu. Barabara kuu iko chini ya TANROADS. Njia ndogo zinazotoka humo kwenda kwenye kata ziko chini ya TARURA. Viwanja vya pande zote mbili vinapimwa na halmashauri ya jiji. Kila mmoja ana mkubwa wake, bajeti yake na jalada lake. TANROADS inaweza kujenga njia ya kutokea iliyo bora kabisa pale Matumbulu, lakini ikiwa TARURA haina fedha ya kuiendeleza, gari litashuka kwenye lami na kutumbukia kwenye korongo. Na ikiwa halmashauri imekwisha kugawa viwanja hadi ukingoni, hata fedha ikipatikana hapatakuwa na mahali pa kupitisha greda. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 kila upande hadi mita 30. Waliokuta alama ya X kwenye kuta za nyumba zao wanaijua tarakimu hiyo kwa uchungu. Wengi wao walijenga bila mtu wa ofisi kuwakataza, na wengine walikuwa na karatasi yenye mhuri.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo halitawafurahisha baadhi ya wasomaji wetu. Ramani ya barabara huonwa kwanza na mtumishi, na mkulima huiona mwisho. Kati ya siku hizo mbili ndipo biashara hufanyika. Mwenye kujua hununua ekari za asiyejua kwa bei ya shamba la mtama, kisha huziuza, au hudai fidia, kwa bei ya kiwanja cha njia panda. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya wakati. Lakini fidia ya haki akipewa mnunuzi wa jana, mzee aliyelima hapo tangu ujana wake amepata nini? Azimio la Arusha liliwawekea viongozi miiko, na tunajua kwamba miiko hiyo ililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Hata hivyo hakuna azimio lililopata kuhalalisha mtumishi kuifanyia biashara siri ya ofisi yake. Hatumtaji mtu. Tunasema tu kwamba daftari la viwanja vilivyobadili mikono kuzunguka makutano yale matano, tangu mwaka 2019, si kitu kigumu kulipitia, na wenye dhamana wanapaswa kulipitia.

Liko na suala la wanaoishi ndani na nje ya duara hilo. Magari yatakwenda kasi, maana ndiyo shabaha ya barabara. Lakini ng'ombe wa Mgogo hajui njia nne, na mtoto wa darasa la pili ambaye nyumba yao imebaki upande huu na shule upande ule atavuka mahali anapoona ni karibu, si mahali mhandisi alipochora. Walimu ndio wanaojua watoto hupita wapi. Wanajua pia ni msimu gani korongo hujaa na kuwalazimisha watoto kupanda juu ya tuta. Elimu hiyo haimo katika michoro, wala haihitaji mshauri wa kulipwa. Inahitaji mtu wa kwenda shuleni kuuliza.

Tunapendekeza hatua ambazo haziwezi kuisumbua bajeti ya mtu. Ramani ya hifadhi ya barabara, yenye njia zote za kutokea na vivuko vyote, ibandikwe katika ofisi za kata za Nala, Makutupora, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, kwa Kiswahili, na mtendaji aagizwe kuisoma kwa sauti katika mkutano wa mtaa. Upimaji wa viwanja vipya kuzunguka makutano hayo usimamishwe hadi TANROADS, TARURA na halmashauri watakapotia sahihi mchoro mmoja. Na kila mwalimu mkuu ambaye wanafunzi wake wanaivuka barabara hiyo apewe nakala yake, pamoja na jina la ofisa wa kumwandikia kivuko kinapokosekana.